Meli iliyofia kwenye foleni

Jumapili moja nimekaa Coco Beach na binti yangu, tunakula mihogo ya kuchoma na ile pilipili inayokutoa machozi na kamasi kwa pamoja, akaanza kuhesabu meli zilizopanga mstari kule nje. Akafika saba akachoka. Afu akaniuliza, "Baba, zile meli zimeharibika? Mbona haziendi?" Nikamwambia hazijaharibika mwanangu, ziko nangani, zinasubiri zamu ya kuingia gatini. Akatafuna muhogo kidogo akasema, "Aaah, kumbe foleni, kama ya Mwenge."

Ndo hivyo hivyo. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, miaka kumi na kitu sasa, na nikuambie ukweli meli ikiwa inatembea hakuna mtu anakupigia simu, simu zinaanza siku meli imesimama, mteja anakupigia asubuhi, mchana, mpaka saa nne usiku anauliza mzigo uko wapi na wewe unamjibu jibu lile lile, uko nangani bosi. Sasa kwa macho hayo hayo ya mtu wa foleni ndo nimekuwa nikiisoma habari ya meli moja ya mizigo ya Waingereza inaitwa Thistlegorm, iliyozama Bahari ya Shamu Oktoba 1941, na kadiri ninavyoisoma naona watu wanaisimulia kwa kuanzia mwisho. Wanaanza na bomu. Mimi nasema bomu lilikuja mwishoni kabisa, kilichoiua ile meli kilianza miezi minne kabla, na kilikuwa kitu cha kawaida sana ambacho kila mtu wa bandari anakijua.

Tuanze na meli yenyewe maana haikuwa meli ya kifahari. Ilijengwa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye karakana ya Joseph Thompson, ikashushwa majini tarehe 9 Aprili 1940, siku ile ile Wajerumani wanaivamia Norway na Denmark, kwahiyo imezaliwa vita inanguruma. Wenye meli walikuwa kampuni ya Albyn Line ya hapo hapo Sunderland, na meli zao zote walizipa majina yanayoanzia na Thistle, lile ua la miiba ambalo ni nembo ya Uskoti, na gorm ni bluu kwa Kigaeli. Serikali ya Uingereza iliweka mkono kwenye gharama za kuijenga. Urefu kama mita 126, ukubwa tani 4,898 za usajili, injini ya mvuke ya silinda tatu, mvuke unapita kwenye silinda ndogo, unasukuma, unaingia ya kati, unasukuma tena, unamalizikia kwenye kubwa, yaani ule mvuke unakamuliwa mpaka tone la mwisho kama muwa. Mwendo wake ukiibana sana ni maili za baharini kumi na kidogo kwa saa. Mtu wa baiskeli mwenye haraka zake anaipita.

Kwa lugha ya barabarani Thistlegorm ilikuwa Fuso. Haina ratiba, haina abiria, inaenda mzigo ulipo. Safari ya kwanza Marekani ikaleta vyuma vya reli na vipuri vya ndege, ya pili Argentina ikaleta nafaka, ya tatu visiwa vya Karibi ikaleta sukari na ramu. Ndo CV yake yote hiyo, safari tatu zilizokamilika. Angalia hiyo mizigo vizuri lakini, reli, nafaka, sukari, pombe. Watu tukisema vita tunawaza vifaru na majenerali wenye darubini shingoni, kumbe Uingereza ile ni kisiwa, mkate wa asubuhi unakuja kwa meli, na nyambizi za Kijerumani zilikuwa zinawinda hizi hizi Fuso za baharini makusudi kwa sababu ukimkatia mtu unga na sukari huna haja ya kwenda kupigana naye mlangoni kwake. Mabaharia wa meli za mizigo wa Uingereza waliokufa vita vile ni zaidi ya 30,000, na wengi sio Waingereza wa Uingereza, kulikuwa na Wahindi, Wachina, Wasomali, Wayemeni, watu wa kuchochea makaa kule chini kwenye moto.

Waliifunga bunduki pia. Nyuma kwenye tezi waliweka mzinga mmoja wa milimita 120, na bombomu moja kubwa ya kutishia ndege, wakaletwa na askari wa majini wa kuihudumia. Kumbuka hapo kwenye tezi, tutarudi.

Safari ya nne ndo hii. Imetoka kufanyiwa matengenezo Glasgow, ikapakiwa. Mzigo wake ukiusoma ni kama umeingia Kariakoo ya jeshi: malori ya Bedford, na ndani ya malori wamepanga pikipiki, BSA na Norton, zimesimama kwa mistari ili isipotee hata nafasi ya mkono, magari madogo ya chuma ya minyororo, bunduki za Bren na raifo, masanduku na masanduku ya risasi na mabomu ya mizinga, redio, vipuri vya ndege, gambuti, maboksi ya gambuti. Juu kwenye deki, kwa sababu humo ndani havikuenea, wakafunga mabehewa na vichwa viwili vya treni vya mvuke kwa ajili ya reli ya Misri. Mtu aliyepanga huo mzigo alikuwa anajua kazi, mimi namvulia kofia. Ila ndo shida ya kupanga vizuri, kila kitu kinakuwa jirani na kila kitu, na mle tumbo namba 4, yaani chumba cha mzigo cha upande wa nyuma, ndo kulikuwa na zile risasi na mabomu.

Imeng'oa nanga Glasgow tarehe 2 Juni 1941 kwenda Alexandria. Nahodha anaitwa William Ellis.

Sasa tarehe. Tarehe 1 Juni 1941, siku moja tu kabla, Waingereza walimaliza kukimbia kisiwa cha Krete, kile kile ambacho Paulo alimwacha Tito, Wajerumani wakakichukua chote pamoja na viwanja vyake vya ndege. Weka kiporo hiyo. Maana siku Thistlegorm inaondoka Glasgow, ndege itakayokuja kuiua ndo kwanza imepata mahali pa kulala.

Kutoka Uingereza mpaka Misri kwa njia ya mkato, Gibraltar unapita Mediterania unatokea, ni kama maili 3,000. Lakini Mediterania ilikuwa haipitiki kwa meli ya mizigo, Wataliano na Wajerumani juu na chini. Kwahiyo wakawa wanazunguka Afrika nzima, wanashuka Atlantiki, Cape Town, wanapanda pwani yetu hii ya mashariki, wanaingia Bahari ya Shamu kwa chini halafu wanapanda mpaka Suez. Maili kama 12,000. Mara nne. Piga hesabu mwenyewe, maili 12,000 kwa mwendo wa maili kumi kwa saa ni saa 1,200, ni siku 50. Njia ya mkato ingekuwa siku kumi na mbili, kumi na tatu. Halafu hata hizo siku 50 ni kwenye makaratasi tu, maana Thistlegorm iliondoka mwanzoni mwa Juni na imefika juu ya Bahari ya Shamu Septemba. Miezi mitatu na zaidi! Hizo siku nyingine zimeenda wapi? Kusubiri msafara ukamilike, kusubiri makaa Cape Town, kusubiri manowari ya kuwasindikiza, kutembea kwa mwendo wa meli ya polepole kuliko zote kwenye msafara. Ukiwahi kusafiri na basi linalosubiriana na mengine mawili ya kampuni moja kila mizani unaelewa.

Hapa kuna kitu chetu ambacho huwa kinasahaulika kwenye hii hadithi. Mwaka mmoja kabla njia hiyo ya Bahari ya Shamu nayo ilikuwa ya hatari, maana Mtaliano alikuwa amekaa Eritrea, Ethiopia na Somalia, ana meli za kivita na nyambizi Massawa. Marekani ilikuwa hata meli zake inazikataza kuingia humo. Kilichofungua ule mlango ni vita vya mwanzo wa 1941, Wahindi na Waingereza wakitokea Sudan upande wa kaskazini mpaka Massawa ikaanguka tarehe 8 Aprili, na huku kusini askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, babu zetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wa Afrika Magharibi na Afrika Kusini, wakitembea kutoka Kenya kwenda Kismayu, Mogadishu, mpaka Addis Ababa. Siku tatu baada ya Massawa kuanguka Rais Roosevelt akatangaza Bahari ya Shamu sio eneo la vita tena, meli za Marekani ruksa. Kwahiyo ile njia ambayo Thistlegorm iliipita Agosti na Septemba kuna watu waliokufa kwa malaria na risasi kuifungua, na baadhi yao wanasalimiana kwa Kiswahili.

Mlango ukafunguliwa. Sasa kila mtu akaingia na kila mtu akakutana kwenye koo moja. Mfereji wa Suez.

Wajerumani nao sio wajinga. Tangu mwisho wa Januari 1941 walikuwa wanatuma ndege usiku kudondosha mabomu ya kutegwa ndani ya mfereji, bomu linazama kwenye tope linasubiri meli ipite. Hawakuhitaji kuzamisha meli mia. Wakizamisha moja, ikalala vibaya mfereji umeziba, na hata wasipozamisha, kila wakidondosha inabidi mfereji ufungwe mpaka wasafishaji wapite, siku zinakatika, na huku nyuma meli zinazidi kuja kutoka Cape. Ni kama pale daladala moja inaharibikia katikati ya mataa, kosa ni la gari moja lakini mia tano zinasimama. Watu waliona 2021 Ever Given ilivyolala kwenye ule mfereji siku sita, 23 hadi 29 Machi, bila vita wala nini, upepo na meli ya mita 400 tu, zikarundikana meli zaidi ya 400. Sasa weka hiyo na ndege za Hitler juu.

Thistlegorm ilipofika, mfereji ulikuwa umezibwa na ajali ya meli. Kusubiri Suez penyewe ilishaonekana ni kujitakia, tarehe 14 Julai walishaichoma meli kubwa ya askari inaitwa Georgic pale pale. Kwahiyo meli zikawa zinasambazwa chini zaidi, kwenye mdomo wa ghuba, vituo vina majina ya herufi. Thistlegorm ikapewa kituo F, karibu na mwamba wa Sha'ab Ali, ng'ambo ya Ras Muhammad ya Sinai. Na jina rasmi la hicho kituo lilikuwa Nanga Salama F. Mimi nimefanya kazi na makaratasi ya serikali muda mrefu, nikiona kitu kimeandikwa salama naanza kutafuta mlango.

Wakae hapo. Siku ya kwanza, ya pili, wiki, ya pili. Fikiria wale mabaharia, joto la Septemba Bahari ya Shamu, meli ya chuma, tumboni risasi, huwezi kushuka, huwezi kuondoka, unafua nguo, unacheza karata, unatazama jangwa. Pembeni yao kuna Carlisle, manowari ya kutungulia ndege kabisa, ndo kazi yake, imetoka nao Cape Town. Yaani ukiuliza wakuu wa meli wakati ule watakuambia tumefanya kila kitu: tumewatawanya, tumewaficha nyuma ya miamba, tumewawekea mlinzi, taa zimezimwa. Na ni kweli walifanya. Mimi siwaiti wazembe. Ninachosema, kitu kilichosimama mahali pamoja wiki mbili tatu kwenye njia ya adui, ulinzi wake unapungua kila siku hata kama hujaondoa bunduki moja, kwa sababu adui anahitaji bahati mara moja tu na wewe unahitaji bahati kila usiku.

Usiku wenyewe ukafika, kuamkia tarehe 6 Oktoba. Ramadhani ilikuwa imefika katikati, kwahiyo unajua mwezi ukoje, mwezi wa kumi na tano, bahari inang'aa kama sinia. Taa umezima sawa, mwezi utauzimaje?

Wajerumani walikuwa wamesikia kuna meli kubwa ya askari inakuja Misri. Wakatuma ndege mbili aina ya Heinkel 111 kutoka Krete, ndo ile Krete niliyosema uweke kiporo, zivuke Misri nzima ziitafute. Hawakuiona. Wako kwenye kurudi mmoja akaona hapo chini meli zimetulia nangani, akachagua iliyoonekana kubwa zaidi. Hakuwa anaitafuta Thistlegorm. Hakuna Mjerumani aliyekuwa anaijua Thistlegorm. Bomu mbili, saa saba na nusu usiku, zikaingia tumbo namba 4.

Kilichofuata ni ule ujirani wa mizigo. Risasi zikalipuka, meli ikafunguka nyuma kama kopo, vile vichwa vya treni vya deki vikarushwa hewani, vichwa vya treni jamani, mpaka leo vimelala mchangani pembeni ya meli kimoja huku kingine kule. Meli ikazama dakika chache. Wakafa watu tisa, mabaharia wanne na wale askari wa mzinga watano. Watano. Sasa rudi kwenye tezi, mzinga uliwekwa nyuma, wahudumu wake wanakaa nyuma, na risasi zilipakiwa nyuma. Waliowekwa kuilinda meli ndo waliolala juu ya kitu cha kuwaua. Sijui kama kuna mtu alikaa akaliona hilo kwenye ramani ya upakiaji, nadhani kila mmoja alikuwa anaangalia karatasi yake tu, wa mizigo anaangalia uzito ukae sawa, wa silaha anaangalia mzinga upate pa kugeukia.

Carlisle ikaokota waliobaki. Baharia mmoja, Angus McLeay, alikuwa ameshafika pa kujiokoa akamuona askari wa mzinga ameumia kwenye deki inayowaka, akarudi kumchukua, akapewa nishani ya George na ile ya Lloyd's ya ushujaa baharini. Nahodha Ellis naye akapewa nishani.

Usiku mbili baadaye, tarehe 8, ndege zikarudi. Ya safari hii inaitwa Rosalie Moller, meli kuukuu ya 1910, ilijengwa Glasgow kwa jina la Francis, ikaja kununuliwa na Moller wa Shanghai, imebeba tani zaidi ya 4,600 za makaa ya mawe, nayo iko nangani inasubiri zamu Suez. Ikazamishwa, wakafa wawili. Hii ndo ushahidi wangu mkubwa kwamba tusiongelee bahati mbaya. Bahati mbaya ni mara moja. Meli mbili ndani ya saa 48, vituo viwili tofauti, zote zimesimama zinasubiri mfereji ule ule, hiyo ni foleni imegunduliwa.

Kuna watakaosema ungefanyaje, mfereji umeziba, ungezirudisha Mombasa? Mimi nakubali hakukuwa na jibu zuri hapo Septemba. Jibu lilikuwa nyuma kabisa, kwenye kuamini kwamba ukishampitisha mtu maili 12,000 salama basi kazi imekwisha. Nguvu zote za ulinzi, misafara, manowari, ramani, zilipangwa kwa ajili ya kutembea, wakati sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa ni kusimama. Na mzigo uliosimama unaumiza hata usipozama. Jeshi la Uingereza lilikuwa linajiandaa kwa shambulio kubwa la kwenda kuikomboa Tobruk, lilianza tarehe 18 Novemba 1941, wiki sita baada ya meli kuzama. Zile Bedford na pikipiki zilikuwa za huko huko. Zilipita Cape, zikapita nje ya bahari yetu hii, zikakosa kipande cha mwisho.

Halafu ikaja sehemu ambayo inaniudhi kidogo, nitaisema haraka. Miaka ya hamsini mwanzoni Mfaransa Jacques Cousteau akaelekezwa na wavuvi, akaifikia, akaipiga filamu, akatoa pikipiki moja na sefu ya nahodha. Ikasahaulika tena, mwanzoni mwa miaka ya tisini wazamiaji wakaipata upya, na ninaposema wazamiaji sio wale wetu wa kujificha kwenye meli kwenda Ulaya, namaanisha wa mitungi ya hewa mgongoni. Leo ni moja ya meli zilizozama zinazotembelewa zaidi duniani, boti zinatoka Sharm el-Sheikh na Hurghada alfajiri, kina kama mita 30 tu, maji safi. Unaona lori la Bedford na pikipiki ndani yake zimesimama vile vile kwa mistari kama zilivyopangwa Glasgow, matairi yapo, samaki wamepumzika kwenye usukani. Gambuti zimelala chini zimejaa mchanga. Kwa miaka mingi boti zilikuwa zinafunga kamba zao kwenye mabaki yenyewe mpaka vyuma vinang'oka, na wengine wanachomoa vitu vya pikipiki kama ukumbusho. Tisa wamekufa pale. Ukiuliza kumi waliozamia watakutajia Norton na BSA, atakayekutajia hao tisa sijui.

Na umaarufu wenyewe ni suala la kina. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, imetoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa kama dakika mbili, wakafa watu karibu 1,300, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Yenyewe iko kwenye kina ambacho hakuna boti ya watalii inayofika. Haina gambuti za kupiga picha. Wajukuu wao wako huku huku na wengi wetu hata jina la meli hatulijui.

Nirudi kwenye foleni maana ndo kazi yangu. Tangu Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu kampuni kubwa za meli zikafanya kile kile cha 1941, zikageuka kuzunguka Cape. Rubymar iliyobeba mbolea tani kama 21,000 ilipigwa tarehe 18 Februari 2024, mabaharia wakaikimbia, ikazama tarehe 2 Machi. Siku chache baadaye True Confidence, wakafa mabaharia watatu. Julai 2025 Magic Seas na Eternity C zikazamishwa ndani ya wiki moja. Hapa mjini nikawa nabishana na wateja, mtu ananiambia mzigo wangu unatoka Guangzhou, haupiti hata karibu na Yemen, mbona nauli imepanda? Nikawa namwambia mzee, meli ikizunguka Cape inatumia siku nyingi zaidi kwa safari ile ile, kwahiyo zinahitajika meli nyingi zaidi na kontena nyingi zaidi kubeba mzigo ule ule, zinavutwa kutoka kila kona, na wewe na Mzungu mnagombania kontena moja. Hakuamini. Alilipa lakini hakuamini.

Kitu kimoja naona kimebadilika. Kabla ya Mei 1941 baharia wa Uingereza meli yake ikizamishwa mkataba wake ulikuwa unakwisha pale pale, yaani uko kwenye boti ya kuokolea unapiga kasia huna tena kazi. Sheria ikabadilishwa mwezi huo. Thistlegorm iliondoka wiki chache tu baadaye, kwahiyo waliookotwa na Carlisle walikuwa bado wameajiriwa. Zingepishana tarehe kidogo tu wangerudi kwao na nguo za kuazima na bila kazi.

Tulipoondoka Coco giza lilikuwa limeshaingia na zile meli zimewasha taa zote, deki nzima, unaiona kila moja. Binti akaanza kuhesabu tena akiwa amekaa siti ya nyuma, akafika kumi na moja. Akasema mchana zile nne za mbali alikuwa hazioni.